Edna O'Brien: binti wa Clare aliyeandika riwaya kwa wiki tatu, nchi yake ikaifungia

Mchambua Karatasi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Wengi wanaomfahamu Edna O'Brien, mwandishi wa riwaya wa Ireland, wakianza kumsimulia huanza na kitabu kilichochomwa moto na paroko. Mimi naanza na hundi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 riwaya zake zilipoanza kuingiza pesa, hundi zilikuja kwa jina lake, yeye anasaini nyuma, zinaingia mikononi mwa mumewe, kisha mume anamkatia za matumizi ya nyumbani. Siku ilipokuja hundi ya haki za filamu akagoma kusaini. Kwa maelezo yake mwenyewe katika kitabu cha kumbukumbu zake, Country Girl (2012), mume alimkaba koo. Akasaini, akatoka, na ndoa ikaishia hapo.

Nimeanzia huko kwa makusudi. Stori ya "mwandishi wa mambo ya chumbani aliyefungiwa na Wakatoliki" imemfunika huyu mama kiasi kwamba watu wanamjua bila kumsoma. Bodi ya serikali ya kukagua vitabu ilikuwa ya mwisho kwenye foleni ya waliotaka anyamaze. Mbele yake walikuwepo mama mzazi, mume, na wanakijiji waliomlea.

Tuanze na alikotoka. Alizaliwa tarehe 15 Desemba 1930 Tuamgraney, kaunti ya Clare, magharibi mwa Ireland, kwenye nyumba kubwa iliyoitwa Drewsboro. Kubwa kwa kuta tu, maana utajiri ulikuwa umeshayeyuka. Baba alipenda farasi, kamari na pombe, na akilewa nyumba nzima inajua. Mama alikuwa amewahi kufanya kazi za ndani Marekani kabla ya kurudi kuolewa. Mcha Mungu hasa, na vitabu alivitilia shaka vyote isipokuwa vya sala.

Akasoma bweni kwa masista wa Mercy pale Loughrea, kaunti ya Galway. Baadaye Dublin, mchana kazini kwenye duka la dawa, jioni darasani, mpaka akapata leseni ya ufamasia mwaka 1950. Huko Dublin ndiko alikonunua kijitabu cha mtumba kilichomtambulisha James Joyce, mwandishi mkubwa wa Ireland, kimeandaliwa na mshairi T. S. Eliot. Alisema mara nyingi kwamba hapo ndipo alipojua kuwa maisha ya nyumbani kwao, kelele za mezani na aibu zake zote, yanaweza kuwa fasihi.

Mwaka 1954 akaolewa na mwandishi Ernest Gébler, mwenye asili ya Kicheki upande wa baba, amemzidi umri na tayari ana jina. Familia ya Edna ilipinga kwa nguvu, kwa sababu mwanamume alikuwa ameshaacha mke. Wakapata watoto wawili wa kiume, wakahamia pembezoni mwa London mwishoni mwa miaka ya 1950. Pale Edna akapata kibarua cha kuwasomea wachapishaji wa Hutchinson miswada na kuandika maoni. Maoni yake yakawavutia kuliko miswada yenyewe, wakamwambia aandike riwaya. Hutchinson na wachapishaji wengine, Knopf wa New York, wakamlipa pauni 50 kwa pamoja. Aliandika The Country Girls kwa wiki tatu, na kwa kusema kwake alilia muda wote.

Mume aliposoma mswada alimwambia kwa ufupi: unaweza kuandika, na sitakusamehe kamwe. Baadaye akaenda mbali zaidi, akadai kazi ile ni yake.

Naendelea chini, msininukuu kwanza.

Mchambua Karatasi

SEHEMU YA PILI: KITABU CHENYEWE

Ambao hamjakisoma, kinahusu wasichana wawili wa kijijini. Caithleen Brady ndiye msimulizi: mpole, mwepesi wa machozi, baba mlevi, mama anakufa maji mwanzoni mwa kitabu. Rafiki yake ni Baba Brennan (ndiyo, Baba ni jina la msichana, msichanganyikiwe), binti wa daktari wa mifugo, mkorofi, mdomo mchafu, asiyeogopa mtu. Wanapelekwa bweni kwa masista, wanafanya visa makusudi ili wafukuzwe, wanafukuzwa, wanahamia Dublin kutafuta maisha. Caithleen anampenda mume wa mtu, mzee tajiri ambaye kijiji kizima kinamwita Mr Gentleman. Wanapanga kusafiri pamoja. Anakaa na mizigo yake akingoja. Mzee hatokei.

Hakuna zaidi. Anayetafuta uchafu humo atachoka. Kilichowaka ni sauti. Msichana anaeleza baba akirudi amelewa, mama akificha pesa za mayai, mwanamume wa heshima akishika mkono wa binti wa shule, na anayaeleza yote kwa utulivu uleule anaoelezea chai na mkate. Haombi radhi kwa msomaji. Haungami.

Kilitoka mwaka 1960, mwandishi ana miaka 29. London wakakishangilia. Ireland, bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1929 ikakipiga marufuku. Vilivyofuata, The Lonely Girl (1962), Girls in Their Married Bliss (1964) na August Is a Wicked Month (1965), vikafuata njia hiyohiyo. Askofu Mkuu wa Dublin, John Charles McQuaid, na mwanasiasa Charles Haughey, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri mkuu, walikubaliana kwamba kitabu kile hakifai kuingia nyumba yoyote ya watu wenye adabu. Kijijini, mama wa posta alimwambia baba yake Edna kwamba binti yake angestahili kupigwa mateke mjini akiwa uchi. Yaani mtu anayemuuzia baba yako stempu.

Lakini kinachoniuma zaidi ni mama. Alimwandikia barua kwa miaka, barua za upendo na lawama kwenye karatasi moja. Alipofariki, Edna alikuta nakala ya The Country Girls imefichwa, na maneno yasiyompendeza mama yamefutwa kwa wino mweusi, moja baada ya jingine. Fikirieni subira ya kazi hiyo. Bodi ya serikali ilifungia kitabu bila shaka bila kukimaliza. Mama alikisoma chote, kalamu mkononi.

Jiwe la Pembeni

Uzi mzito mkuu. Mimi naweka kiti.

Swali dogo: walipofungia, watu hawakusoma kweli?

Mchambua Karatasi

@Jiwe la Pembeni walisoma sana. Mwaka 1966 Edna alikwenda kwenye mkutano wa hadhara Limerick kujadili ukaguzi wa vitabu. Akauliza ukumbini ni wangapi wamesoma vitabu vyake vilivyopigwa marufuku. Mikono ikapanda karibu ukumbi mzima, watu wakaangua kicheko. Vilikuwa vinaingia kwenye mabegi kutoka Uingereza. Mwaka uliofuata, 1967, sheria ikalegezwa, marufuku yakawa yanakoma baada ya miaka 12, na maelfu ya vitabu vikafunguliwa kwa mpigo.

Ila msiione kama vichekesho. John McGahern, mwandishi mwingine wa huko, riwaya yake The Dark ilipofungiwa mwaka 1965 alipoteza kazi ya ualimu. Edna alikuwa ameshaondoka, ndiyo maana hawakuwa na cha kumnyang'anya isipokuwa jina.

Wakili Bila Joho

Naomba niwe yule mtu msiyempenda.

Hilo la paroko kuchoma vitabu, shahidi ni nani? Edna mwenyewe. Mwaka 2019 gazeti la The New Yorker lilitoa makala ndefu kumhusu na mwandishi wake akaonyesha kwamba baadhi ya visa hivi havina ushahidi nje ya maneno yake. Sasa mleta uzi umekuja na hundi, na koo, na wino mweusi. Chanzo kile kile. Mtu ambaye kazi yake ni kutunga.

Kanga ya Bibi

@Wakili Bila Joho kila uzi lazima utoke na joho lako la kukodi. Mwanamke akisimulia alivyokabwa anatakiwa alete mashahidi wawili na muhuri?

Wakili Bila Joho

Dada sijasema hakukabwa. Nimesema tutofautishe kilichothibitika na kilichosimuliwa. Hiyo nayo ni heshima kwa mwandishi.

Mchambua Karatasi

Wakili ana hoja, dada Kanga usimfukuze. Ndiyo sababu nimeandika "kwa maelezo yake" kwenye hundi, na moto wa paroko sijautegemea. Tuuache kabisa. Marufuku ya serikali yako kwenye kumbukumbu rasmi, na kuhusu ndoa, mtoto wao mkubwa, Carlo Gébler, naye ni mwandishi na ameandika kitabu kizima kuhusu ugumu wa baba yake. Mzee alikuwa na kinyongo na mafanikio ya mkewe, hilo halitegemei mdomo wa Edna peke yake.

Na hata tukisema alikuza moto ule, sioni unapunguza nini. Kitabu hakikuhitaji kiberiti ili kimuumize.

Nairobi Wa Zamani

Wadau, salamu kutoka Nairobi. Hao masista wa Mercy waliomfunza si wageni kwetu. Mater Hospital hapa South B ni wao walioifungua, 1962. Na Loreto, shirika lingine la masista lenye mizizi Ireland, wapo Kenya tangu 1921, muulize mama yeyote aliyepita Msongari ama Limuru. Mamangu alisomeshwa na masista Waairishi, si hao wa Mercy, na nilipomsomea zile kurasa za bweni, baridi, supu ya maji, kuvua nguo chini ya gauni ili hata wewe mwenyewe usijione, alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaniambia niache kusoma upuzi.

Nikauliza basi mbona amecheka. Akaenda jikoni.

Kanga ya Bibi

@Nairobi Wa Zamani 😂😂 mama ameshafuta kwa wino wake.

Mchambua Karatasi

SEHEMU YA TATU: BAADA YA KASHFA

Baada ya kutengana alipigania watoto mahakamani akawapata. Miaka ya 1960 na 70 alikuwa mtu wa sherehe London, nyumba yake ikipitiwa na kina Marlon Brando mwigizaji na Paul McCartney wa Beatles. Magazeti yalipenda picha zake, nywele nyekundu na magauni marefu, na wahakiki wengi wakaona mwanamke mzuri kiasi kile hawezi kuwa mwandishi wa maana. Sehemu hii siipendi sana naipita.

Kwangu mimi kazi kubwa iko kwenye miaka ya 1990, na ndiyo isiyosemwa. Ana miaka sitini na kitu, umri ambao wengine wanaandika utangulizi wa vitabu vya vijana, yeye anarudi Ireland na kuanza kushika moto wa kweli kwa mkono. House of Splendid Isolation (1994) ni mpiganaji wa IRA, kundi la silaha lililopinga utawala wa Uingereza Ireland ya Kaskazini, anayejificha nyumbani kwa bibi mjane. Ili kuiandika alikwenda gerezani kumhoji Dominic McGlinchey, mmoja wa watu waliokuwa wakiogopwa sana wakati ule. Alishutumiwa kwamba anawapaka magaidi mafuta. Down by the River (1996) ilitokana na kesi ya mwaka 1992 ya binti wa miaka 14 aliyebakwa akapata mimba, na mahakama ikamzuia kwenda Uingereza kuitoa, mpaka Mahakama ya Juu ilipoondoa zuio. Halafu In the Forest (2002), juu ya mauaji ya mama, mtoto wake mdogo na padri kwenye msitu wa kaunti yake mwenyewe, Clare, mwaka 1994.

Hiki cha mwisho kilileta ugomvi mpya, na safari hii waliomlaumu hawakuwa maaskofu. Fintan O'Toole wa Irish Times aliandika kwamba amevuka mpaka, kwamba msiba wa watu binafsi haukuwa wake kuuchukua. Familia bado zilikuwa zinaomboleza. Mimi hapa nasimama upande wa O'Toole, japo kitabu chenyewe kimeandikwa vizuri ajabu. Miaka minane ni michache.

Mwalimu wa Zamu

Asante kwa kulisema hilo, maana nyuzi za namna hii huwa ni kusifia tu mpaka mwisho.

Niongeze The Little Red Chairs, 2015. Jina linatokana na viti vyekundu 11,541 vilivyopangwa barabarani Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, mwaka 2012, kimoja kwa kila aliyekufa kwenye mzingiro wa mji ule, na 643 kati yake vilikuwa vidogo, vya watoto. Riwaya inamleta mhalifu wa vita, amefanana na Radovan Karadžić, kiongozi wa Waserbia wa Bosnia wakati wa vita ile, anafika kijiji cha Ireland akijiita mganga wa tiba asilia. Kijiji kinampenda! Paroko anasitasita kidogo, mwisho anampisha. Miaka 55 baada ya The Country Girls bado anauliza kijiji kilekile: mnampokea nani, na mnamfukuza nani.

Kanga ya Bibi

Sasa tufike kwenye kile ambacho mleta uzi anakikwepa. Girl, 2019. Mama wa Kiairishi wa miaka 88 anaandika kwa nafsi ya kwanza, "mimi", kama binti wa Nigeria aliyetekwa na Boko Haram. Huyo naye tunampa baraka?

Mchambua Karatasi

Sikikwepi dada, nilikuwa nakitunza.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 2014 wasichana 276 walichukuliwa shuleni Chibok, jimbo la Borno. Edna alisoma habari za mmoja aliyepatikana porini akitangatanga na mtoto mgongoni, hajui hata jina lake. Akaenda Nigeria, umri umeshasogea kuelekea tisini, akiwa ameficha pauni 15,000 kwenye mikono ya nguo na nguo za ndani kwa ajili ya gharama za safari. Akazungumza na mabinti waliotoroka, madaktari, watu wa mashirika. Ufaransa walimpa tuzo maalumu ya Femina mwaka huohuo.

Nilivyokisoma mimi: nusu ya kwanza, kambini, haikunishika. Unaona daftari la mtafiti chini ya sentensi. Mambo yanatokea haraka, watu wanakuja na kuondoka kabla hujawajua. Lakini Maryam anaporudi nyumbani na mtoto, na mama hajui amkumbatie au amwogope, na ndugu wanataka mtoto aondolewe kwa sababu damu yake ni ya adui, na serikali inataka picha naye, pale kitabu kinasimama wima. Pale Edna hakuwa anahitaji Nigeria. Alikuwa anaijua hiyo meza tangu Drewsboro.

Kanga ya Bibi

Ndiyo maana nakasirika. Kama alikuwa anaijua kutoka Drewsboro angeiandika Drewsboro. Wale mabinti wana midomo. Wapo waliosoma mpaka vyuo. Dunia inasubiri bibi kutoka London awasemee, na vitabu vyao wenyewe vinakaa rafu ya chini.

Nairobi Wa Zamani

Hapo nakuunga mkono dadangu, lakini nusu. Rafu si Edna aliyezipanga. Ni wachapishaji. Yeye alikuwa ashaambiwa mwaka 1960 kwamba hana ruhusa ya kuandika kuhusu kijiji chake mwenyewe, sidhani sauti ya ruhusa ilimsumbua tena.

Wakili Bila Joho

@Nairobi Wa Zamani hiyo si hoja. Aliyenyimwa haki yake haimpi haki ya mwenzake.

(Kanga ya Bibi leo tuko upande mmoja, andika tarehe.)

Kanga ya Bibi

Nimeandika, na muhuri juu.

Jiwe la Pembeni

Mnagombana vizuri. Sasa mimi ambaye sijasoma hata kimoja nianzie wapi? Na mwisho wake ulikuwaje, Ireland walimsamehe?

Mchambua Karatasi

@Jiwe la Pembeni kwanza hilo la pili. Mwaka 2015 alipewa cheo cha Saoi na Aosdána, chombo cha heshima cha wasanii wa Ireland, Rais Michael D. Higgins akamvisha mkufu wa dhahabu. Mwaka 2019 Dublin ikachagua riwaya tatu za wale wasichana wawili, The Country Girls na mbili zilizoifuata, zilezile zilizofungiwa, kuwa kitabu ambacho mji mzima unasoma pamoja. Alifariki London tarehe 27 Julai 2024, ana miaka 93, akarudishwa Clare. Amezikwa Inis Cealtra, kisiwa kitakatifu ndani ya ziwa Derg, jeneza lilivushwa kwa boti. Kama ni kusamehewa au ni nchi kuona aibu, chagua mwenyewe. Mimi naona ya pili.

Pa kuanzia: The Country Girls, usiruke. Tafuta toleo la vitabu vyote vitatu kwa pamoja lililotoka mwaka 1986, maana aliongeza hitimisho kali sana ambalo Baba ndiye anasimulia, na sitakuambia limempata nani. Ukiona riwaya ni ndefu, anza na hadithi fupi. "A Scandalous Woman" ya mwaka 1974 inatosha jioni moja: msichana mchangamfu wa kijijini anapata mimba, anaozeshwa kwa nguvu, na rafiki yake anamtazama akizimika mwaka baada ya mwaka. Mimi naiweka juu ya riwaya zake nyingi.

Girl weka mwisho kabisa, na ukimaliza uje umjibu dada Kanga, mimi kanishinda.

Mwalimu wa Zamu

Nyongeza kwa wenye mfuko mwembamba: The Love Object, mkusanyiko wa hadithi fupi alizozichagua, wa mwaka 2013, una hiyo "A Scandalous Woman" na nyingine thelathini. Ukikuta nakala ya mtumba usiulize bei mara mbili.

Nairobi Wa Zamani

Mamangu ameuliza leo asubuhi, bila kuniangalia, kama kile kitabu cha bweni nimekimaliza ama bado. Nimekiacha mezani.